Haba na Haba: Historia ya Kusoma kwa Wingi katika Kujifunza Kiingereza

Mwanafunzi wa sekondari apewaye kurasa mbili za Kiingereza kwa juma zima, akazichambua neno kwa neno mbele ya mwalimu wake, husemwa kuwa anasoma. Mwenzake apewaye ufunguo wa kabati la hadithi nyepesi, akachagua aipendayo, akaimaliza, akarudi kuchukua nyingine, naye husemwa kuwa anasoma. Neno ni moja, lakini kazi ni mbili zilizo mbalimbali. Ya kwanza ni kusoma kwa kina. Ya pili ni kusoma kwa wingi. Katika makala haya nakusudia kueleza historia ya hii ya pili: ilikotoka, sababu zilizowafanya watu waiamini, na hasa mambo yaliyoipata ilipoletwa kwa mpango maalumu katika shule za sekondari za Tanzania katika miaka ya 1980. Nitajaribu kuonyesha kwamba njia yenyewe ilikuwa njema, bali ilitwishwa mzigo ambao haikuumbwa kuuchukua.

Tofauti kati ya aina hizi mbili za kusoma ilipata majina yake mwanzoni mwa karne ya ishirini. Mwingereza Harold Palmer, katika vitabu alivyoviandika kati ya mwaka wa 1917 na 1921, alitenga usomaji wa kuchimba matini fupi na usomaji wa kupitia vitabu vingi kwa haraka, nia ya msomaji ikiwa juu ya habari inayosimuliwa na si juu ya sarufi. Kabla yake walimu wengi waliona kuwa kusoma lugha ngeni ni kufasiri tu: sentensi moja moja, kamusi mkononi. Palmer hakuikataa kazi hiyo, ila alisema kuwa haitoshi. Mtu hawezi kuijua lugha kwa kuipasua vipandevipande siku zote. Sharti pia aione ikitembea.

Lakini aliyeigeuza fikira hiyo kuwa kazi ya shule alikuwa Michael West, na mahali pa kazi yake palikuwa Bengal. West aliingia katika utumishi wa elimu wa India mwaka 1912, na baadaye akawa mkuu wa chuo cha ualimu cha Dacca, mji ambao leo ni Dhaka, makao makuu ya Bangladesh. Huko aliona jambo ambalo hata leo halijawa geni kwetu. Watoto wengi walianza Kiingereza, na wengi wao wakaacha shule kabla ya kufika mwisho wa mafunzo. Mafunzo yenyewe yalikuwa yamepangwa kana kwamba kila mtoto atafika mwisho. Aliyeondoka katikati aliondoka na vipande vya sarufi na sentensi chache za kusema, asiweze kuandika barua wala kusoma gazeti. West akauliza swali la mchumi: mtoto anayeiacha njia nusu safari, anakwenda nyumbani na nini mkononi? Akashika jina kutoka biashara ya bima, ambamo mtu anayevunja mkataba wake kabla ya muda hurudishiwa thamani fulani ya fedha alizokwisha kulipa. Mafunzo ya lugha nayo, alisema, yapaswa kuwa na thamani ya namna hiyo katika kila hatua. Na kwa kuwa uwezo wa kusoma hupatikana mapema kuliko uwezo wa kusema vizuri, na hauhitaji kuwapo kwa Mwingereza wa kuzungumza naye, kusoma ndiko kuliko na thamani kubwa kwa mwanafunzi anayeondoka mapema.

Kitabu chake juu ya watu wenye lugha mbili, kikiutazama hasa mkoa wa Bengal, kilitoka mwaka 1926. Wakati huo alikuwa amekwisha kuvichunguza vitabu vya kusomea vilivyotumika shuleni, akavikuta na makosa mawili makubwa. La kwanza, maneno mapya yalirundikwa katika kila ukurasa hata msomaji asipate nafasi ya kuvuta pumzi. La pili, mengi ya maneno hayo yalikuwa adimu, ya kishairi au ya kizamani, ambayo mtoto asingekutana nayo tena kwa miaka. West aliitumia hesabu ya Mmarekani Edward Thorndike, ambaye mwaka 1921 alikuwa amechapisha orodha ya maneno ya Kiingereza kwa kadiri yalivyotumika mara nyingi au mara chache. Akaanza kuandika vitabu vipya. Maneno ya kawaida yalitangulia. Neno jipya lilipoingia lilirudiwa mara kadhaa kabla ya jingine kuingizwa. Na kati ya neno jipya moja na la pili palikuwa na uwanja mpana wa maneno yanayojulikana. Mfululizo huo, uliochapishwa na Longmans tangu mwishoni mwa miaka ya 1920, ulisambaa mbali kupita mipaka ya India. Ukafuatwa na vitabu vya ziada: hadithi mashuhuri zilizoandikwa upya kwa maneno machache, ili mwanafunzi aliyemaliza kitabu cha kiada asikae bure akingojea kingine.

Kazi hii ya kuhesabu maneno iliendelea. Mwaka 1934 wataalamu walikutana New York kwa gharama za shirika la Carnegie, na ripoti yao juu ya uteuzi wa msamiati ikatoka mwaka 1936. West na Palmer walikuwa miongoni mwao. Mwaka 1953 West alitoa orodha yake maarufu ya maneno 2,000 hivi yanayotumika zaidi katika Kiingereza, na waandishi wa hadithi nyepesi wakaitumia kwa miaka mingi kama fundi atumiavyo kipimo chake. Mwaka 1955 alikadiria kuwa msomaji aweza kufuata habari vema iwapo neno asilolijua halizidi moja katika kila maneno hamsini. Yastahili kuangaliwa kwamba uchunguzi wa Hu na Nation, uliochapishwa mwaka 2000, uliyafikia maneno yayo hayo kwa njia nyingine: ili mtu asome hadithi kwa raha pasipo msaada, sharti ayajue maneno tisini na manane katika kila mia. Mtu wa Dacca na watu wa nyakati zetu walikutana katika hesabu moja.

Hesabu hiyo ndiyo siri ya jambo lote. Ukurasa wa kawaida wa hadithi una maneno kama mia tatu. Msomaji asiyejua neno moja katika hamsini hukutana na mageni sita katika ukurasa. Hayo aweza kuyakisia kwa maana ya sentensi, na akiyakuta tena kesho na keshokutwa yatakuwa rafiki zake. Asiyejua neno moja katika kumi hukutana na mageni thelathini. Huyo hasomi, anafumbua mafumbo. Ataichoka hadithi kabla haijamchokoza. Kwa hiyo kusoma kwa wingi hakuanzi kwa kuwapa watoto vitabu vikubwa vya sifa. Huanzia chini, mahali ambapo mwalimu mwenye haraka huona kuwa ni pepesi mno, na hupanda ngazi kwa ngazi. Haba na haba hujaza kibaba.

Afrika Mashariki ilizijua hadithi zilizopunguzwa maneno mapema, na kwa lugha mbili. Kwa upande wa Kiswahili, Frederick Johnson alitoa Mashimo ya Mfalme Sulemani mwaka 1929, akikitafsiri kitabu cha Rider Haggard, na baada ya Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki kuanza kazi mwaka 1930 tafsiri za namna hiyo zikazidi. Kwa upande wa Kiingereza, mwanafunzi wa Kenya, Uganda au Tanganyika alipewa akina Dickens na Stevenson waliopunguzwa urefu na kurahisishwa. Ngũgĩ wa Thiong'o, katika kitabu chake cha mwaka 1986 juu ya ukombozi wa fikira, anakumbuka kwamba hadithi hizo za shuleni ziliwafukuza sungura na chui wa masimulizi ya jioni, wakakaa mahali pao watoto wa Kiingereza na mabaharia wao. Lawama hiyo ni nzito, wala haifai kupitwa kimya. Kusoma kwa wingi si chombo kitupu. Hujaza moyo wa kijana kwa watu na mahali. Anayechagua vitabu vya kabati huchagua pia nchi ambayo mtoto ataiota usiku.

Hata hivyo, si haki kusema kuwa vijana wa nchi hizi waliingojea serikali iwafundishe kusoma kwa wingi. East African Literature Bureau, iliyoanzishwa mwaka 1948 na makao yake Nairobi, ilichapisha vitabu kwa Kiswahili na lugha nyingine, na kushughulika na kuvifikisha vitabu kwa wasomaji waliokuwa mbali na miji. Chini ya jina lake ulitoka mwaka 1960 Mzimu wa Watu wa Kale wa Muhammed Said Abdulla, na mwaka 1965 Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla. Mwaka 1974 kikaja Kufa na Kupona cha Elvis Musiba. Vitabu hivi vya upelelezi vilipita mikono mingi, vikasomwa hata majalada yakadondoka. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, ilipigwa marufuku shuleni kwa muda, na marufuku hiyo ikazidi kuwaongeza wasomaji wake. Baadaye ikaingizwa katika vitabu vya kusomwa kwa mtihani. Msomaji na aliweke jambo hili moyoni, kwa maana tutalirudia: kijana wa Tanzania alikuwa msomaji wa wingi tayari, kwa lugha aliyoielewa, pale kitabu kilipompendeza na kilipopatikana.

Hata miaka ya 1970 wengi waliikubali njia hii kwa akili, lakini vipimo vilikuwa haba. Kipimo kilichosikika kuliko vyote kilitoka katika visiwa vya Fiji. Mwaka 1980 Warwick Elley na Francis Mangubhai waliingia katika shule za msingi za mashambani zilizokuwa karibu hazina vitabu. Katika shule 8 walipeleka vitabu vya hadithi 250 kwa kila darasa, vyenye picha na visa vya kuvutia; shule nyingine zikaendelea na mafunzo ya kawaida ya kurudiarudia sentensi. Baadhi ya walimu waliopata vitabu waliwasomea watoto na kuzungumza nao juu ya hadithi. Wengine waliwaacha wasome kimya kila siku. Mwaka wa kwanza ulipokwisha, watoto wa mafuriko ya vitabu, kama mpango ulivyoitwa, walikuwa wameendelea katika kusoma kama mara mbili ya wenzao. Na katika mwaka wa pili faida hiyo ikaenea katika kuandika na sarufi pia, ijapokuwa sarufi ndiyo waliyofundishwa kidogo. Habari hiyo, iliyochapishwa mwaka 1983, iliwastusha wengi. Watoto wale walikuwa wa shule za msingi. Lakini hoja iliyotoka kwao ilibebwa moja kwa moja hadi sekondari.

Mwaka 1981 Chuo Kikuu cha Edinburgh kilianzisha mradi wa kusoma kwa wingi, ukiongozwa na David Hill. Kazi yake ilikuwa ya ukutubi na ya ualimu kwa pamoja. Vitabu vya hadithi nyepesi vilivyochapishwa na makampuni mbalimbali vilikusanywa, vikasomwa kimoja kimoja, vikapangwa katika ngazi za mradi wenyewe, kwa kuwa kila mchapishaji alikuwa na ngazi zake na ngazi ya pili ya huyu haikuwa ya pili ya yule. Vitabu vya chini kabisa vilikuwa na maneno ya msingi mia tatu hivi; vya juu vilizidi 2,000. Mwanafunzi alipimwa kwanza kwa mtihani wa kujaza mapengo: hupewa habari fupi ambamo kila baada ya maneno kadhaa neno moja limefutwa, naye hujaza. Kwa alama zake hujulikana ngazi ya kuanzia. Baada ya hapo mambo ni machache na yanafanana kila mahali. Vitabu hukaa katika kabati au sanduku la darasa, vikiwa na alama za ngazi. Mwanafunzi huchagua mwenyewe. Jina lake na la kitabu huandikwa katika daftari la kuazima. Kitabu kisichompendeza hurudishwa bila kuulizwa. Hakuna mtihani juu ya kila hadithi, kwa maana mtihani huigeuza starehe kuwa kodi. Na mwalimu naye husoma mbele ya wanafunzi wake, ili waone kwamba kusoma ni jambo la watu wazima.

Katika muongo huo Singapore, kati ya mwaka 1985 na 1990, ilizipa baadhi ya shule za sekondari zilizokuwa dhaifu katika Kiingereza mpango wa namna hii, na Colin Davis, aliyeushiriki, aliandika makala mwaka 1995 akiuliza kama kusoma kwa wingi ni anasa ya gharama kubwa. Jibu lake lilikuwa kwamba gharama kubwa zaidi ni kukosa kusoma. Hong Kong nayo katika miaka ya 1990 iliufanya mpango huo kuwa sehemu ya kazi ya shule zake. Lakini hizo zilikuwa nchi zenye fedha, walimu wa kutosha na maduka ya vitabu karibu. Mtihani mgumu zaidi ulikuwa Tanzania.

Ili kuelewa yaliyotokea Tanzania ni lazima turudi nyuma kidogo. Tangu mwaka 1967 elimu yote ya msingi ilifundishwa kwa Kiswahili, Kiingereza kikiwa somo moja kati ya masomo. Mafunzo ya sekondari yakabaki kwa Kiingereza. Kwa hiyo kila mwaka maelfu ya watoto waliolala wakiwa wanafunzi wa Kiswahili waliamka katika Kidato cha Kwanza wakikuta biolojia, jiografia na historia zimevaa lugha nyingine. Elimu ya msingi ilipanuliwa kwa haraka baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974. Walimu wengi wapya hawakuwa na Kiingereza cha kufundishia. Kisha zikaja dhiki: bei ya mafuta, vita vya Uganda vya mwaka 1978 na 1979, na uhaba wa fedha za kigeni ulioyafanya karatasi na vitabu kuwa vitu vya kutafutwa kwa tochi. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, chini ya Jackson Makwetta, ilipendekeza kwamba sekondari zianze kufundisha kwa Kiswahili mwaka 1985, na vyuo vikuu vifuate mwanzoni mwa miaka ya 1990. Serikali haikulikubali pendekezo hilo. Mwaka 1984 Mwalimu Nyerere alikifananisha Kiingereza na Kiswahili cha dunia, akisema kuwa kukiacha litakuwa kosa.

Mwaka huohuo wa 1984 Clive Criper wa Edinburgh na William Dodd walitoa ripoti yao juu ya ufundishaji wa Kiingereza nchini na matumizi yake kama lugha ya kufundishia. Waliwapima wanafunzi tangu shule za msingi hadi chuo kikuu, na kipimo chao kilikuwa kilekile cha kujaza mapengo kilichofungamana na ngazi za vitabu. Walichokikuta kilikuwa cha kusikitisha. Wanafunzi wengi wa sekondari walikuwa na uwezo wa kusoma vitabu vya ngazi za chini tu, huku wakidaiwa kusoma vitabu vya sayansi vilivyoandikwa kwa Waingereza wa umri wao. Katika Kidato cha Nne, mwaka wa mwisho wa sekondari ya kawaida, ni kama mmoja tu katika kumi aliyefika kiwango ambacho mtu angetarajia ufundishaji kwa Kiingereza uanzie. Naomba msomaji aisome sentensi hiyo mara ya pili. Haisemi kiwango cha kumalizia. Yasema cha kuanzia.

Kutoka katika matokeo hayo njia mbili zilikuwa wazi. Ya kwanza ilikuwa kusema: ikiwa wanafunzi hawaielewi lugha ya kufundishia, na ibadilishwe lugha. Ya pili ilikuwa kusema: na ikuzwe lugha hadi itoshe. Waandishi wa ripoti walichagua ya pili, wakaishauri Wizara ithibitishe kuwa Kiingereza ndicho lugha ya kufundishia sekondari. Uingereza ikatoa fedha, na mradi wa kusaidia ufundishaji wa Kiingereza ukaanza kazi mwaka 1987. Moyo wa mradi huo ulikuwa kusoma kwa wingi. Vitabu vya hadithi nyepesi vikapelekwa katika shule za sekondari, walimu wakapewa mafunzo ya kuvitumia, na vitabu vya kiada vya Kiingereza vikatazamwa upya.

Hapana shaka kwamba vitabu hivyo vilikuwa neema. Katika shule ambayo kitabu kimoja kiligawanywa na wanafunzi watano, sanduku la hadithi lilikuwa kama mvua baada ya kiangazi. Mwanafunzi aliyesoma hadithi kumi za ngazi ya chini alipata kitu ambacho masomo ya sarufi hayakumpa: alipata kuisikia lugha ikienda bila kusitasita, na alipata imani kwamba aweza kukimaliza kitabu cha Kiingereza. Thamani ile ya West ilikuwapo. Hata aliyeshindwa mtihani wa Kidato cha Nne, akarudi kijijini, alirudi na uwezo wa kusoma uliozidi kidogo ule aliokuja nao.

Lakini tuupime mradi kwa kazi uliyopewa, wala si kwa wema wake. Kazi hiyo ilikuwa kumwezesha mtoto wa Kidato cha Kwanza aielewe fizikia kwa Kiingereza. Hapo hesabu inatukatalia. Msomaji wa ngazi ya maneno mia tano, akisoma kwa bidii, aweza kupanda ngazi moja au mbili kwa mwaka. Ndivyo kusoma kwa wingi kunavyofanya kazi, kwa upole na kwa kurudia. Kitabu cha kemia hakimngojei. Kesho asubuhi kitafunguliwa, na neno asilolijua halitakuwa moja katika hamsini. Mwalimu naye, mwenye vipindi vingi na mtihani wa taifa mbele yake, ataandika maelezo ubaoni, na mwanafunzi atayanakili na kuyakariri. Basi mchana mtoto afundishwa kusoma kwa kuelewa, na asubuhi amefundishwa kunakili bila kuelewa. Na cha asubuhi ndicho kina saa nyingi zaidi, na ndicho kinachotahiniwa. Kamba hukatikia pembamba.

Liko tatizo la pili, nalo ni la utunzaji. Kabati la vitabu huwa hai kwa kufunguliwa. Pale ambapo mwalimu hudaiwa kulipa kila kitabu kilichopotea, ni nani atakayemlaumu akilifunga? Vitabu hubaki safi, hesabu yake hutimia mbele ya mkaguzi, na hakuna aliyesoma. Mpango wa kusoma kwa wingi wahitaji serikali inayokubali kwamba vitabu huchakaa, hupotea, na sharti vinunuliwe tena kila mwaka, kama chaki inunuliwavyo. Mradi wa wafadhili huja kwa miaka yake na huondoka. Hadithi zilizosomwa sana huisha kwanza, kwa kuwa zilisomwa sana, na hakuna wa kuzirudisha.

Zaline Roy-Campbell na Martha Qorro, katika kitabu chao cha mwaka 1997 juu ya msukosuko wa lugha nchini Tanzania, waliliuliza swali ambalo ripoti ya mwaka 1984 ililipita: kwa nini elimu yote iningoje lugha moja? Wao hawakusema kwamba Kiingereza kisifundishwe. Walisema kwamba kukifundisha Kiingereza vizuri ni jambo moja, na kufundisha kila kitu kwa Kiingereza ni jambo jingine, na kwamba kuyachanganya mawili hayo kumeyadhuru yote mawili. Kwa maoni yangu historia niliyoieleza yawaunga mkono. Huko Fiji, mafuriko ya vitabu yalifanywa ili kukuza lugha, na yalipimwa kwa lugha. Huko Bengal, West alitaka Kiingereza kimfungulie Mbengali maarifa yaliyoandikwa, na hakukusudia kimwondoe katika Kibengali chake. Tanzania peke yake ndipo hadithi nyepesi zilipoombwa ziokoe mfumo mzima wa elimu, kutoka fizikia hadi siasa.

Huenda mtu akajibu kwamba pasipo haja ya Kiingereza darasani, mwanafunzi hatapata sababu ya kukisoma hata kidogo. Hoja hii si ya kupuuzwa, kwa maana haja ni mwalimu mkali. Lakini tulikumbuke lile kabati la Kiswahili. Hakuna haja ya shule iliyomsukuma kijana asome Simu ya Kifo kwa mwanga wa koroboi. Na Rosa Mistika alisomwa wakati ambapo haja yote ya shule ilikuwa asisomwe. Kinachomfanya mtu asome kwa wingi ni kuelewa na kupendezwa. Na tabia ya kusoma ni moja, haina lugha: aliyezoea kumaliza kitabu kwa Kiswahili hukishika cha Kiingereza kwa mkono usiotetemeka, ambapo asiyewahi kumaliza kitabu chochote huanza mambo mawili mapya kwa wakati mmoja. Kwa sababu hiyo kuanzishwa kwa Mradi wa Vitabu vya Watoto nchini Tanzania mwaka 1991, uliowasaidia waandishi na wachapishaji kutoa vitabu vya Kiswahili kwa watoto, kulikuwa msaada kwa Kiingereza pia, ijapokuwa haukuhesabiwa hivyo.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 iliruhusu kwa maandishi Kiswahili kitumike kufundishia katika ngazi zote pamoja na Kiingereza. Mjadala haukuishia hapo, wala si kazi ya makala haya kuumaliza. Ila wanafunzi na wanazuoni watakaourithi yafaa wautenganishe na suala la vitabu. Lugha yoyote itakayochaguliwa kwa fizikia, kijana atahitaji Kiingereza, na njia ya kukipata bila kuumia imekwisha kujulikana kwa zaidi ya miaka mia moja: hadithi nyingi, nyepesi kuliko mwalimu anavyodhani inafaa, zikichaguliwa na msomaji mwenyewe, zikiwamo zilizoandikwa na watu wa kwetu, katika kabati lisilofungwa, kwa mkono wa mwalimu asiyetozwa faini kwa kitabu kilichochakaa. Hayo ni mambo madogo. Hayahitaji tume ya rais. Yahitaji fungu dogo la fedha linalorudi kila mwaka, na subira ya kutokiomba kibaba cha mtama kitoe kazi ya ghala.